Anachokikataa ni harufu ya sufuria

"Shangazi, shikamoo. Mke wangu ana saratani ya titi. Anatundikiwa dripu kila baada ya wiki tatu, na juzi amemaliza ya tatu. Nikitoka kazini naingia jikoni mwenyewe, nampikia samaki anaompenda, naye anaziba pua na kugeukia ukutani. Sasa amehamia chumba cha watoto. Wiki iliyopita nilimfokea nikaibwaga sahani sakafuni. Dada yangu ananihimiza nimletee dawa za miti shamba. Nimechoka, na kuchoka kwenyewe kunanitia aibu. Mume, Morogoro."

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umpe pole mkeo.

Nianze na huyo samaki. Nilimuuguza mume wangu, na siku za mwanzo nilikuwa nakaanga vitunguu karibu na dirisha lake nikidhani namfungulia hamu ya kula. Kumbe ndio nilikuwa namtapisha. Dawa hizi za saratani za kwenye dripu hugeuza ladha na harufu. Wengine husema kila kitu mdomoni kina ladha ya chuma. Kile alichokipenda mwezi uliopita ndicho kinaweza kumchefua leo. Basi pikia nje, au apike jirani. Mpe chakula kilichopoa, kwa sababu cha moto ndicho kinachotoa harufu: uji uliopoa, viazi vya kuponda, ndizi mbivu, mtindi wa pakiti. Weka kidogo kwenye kibakuli, vijiko vinne vitano, kisha baada ya saa mbili mpe tena. Kijiko cha plastiki humsaidia anayeonja chuma. Na usisimame mlangoni kuhesabu matonge. Mgonjwa anayehesabiwa matonge hula kwa hofu.

Vidonge vya kuzuia kutapika alivyopewa avinywe kwa saa alizoelekezwa, hata kama bado hajisikii vibaya. Akishaanza kutapika, kazi inakuwa ngumu zaidi. Vikishindwa, waambieni daktari kabla ya dripu ya nne, maana zipo dawa nyingine za kubadilisha. Watu wengi huvumilia kimya wakidhani ndivyo inavyotakiwa iwe.

Akianza vidonda vya mdomo, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na mswaki uwe laini. Kama katika dripu zake imo ile dawa nyekundu, mkojo unaweza kuwa mwekundu siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, msishtuke.

Homa ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba unisikilize. Nunua kipimajoto leo. Chembe nyeupe za damu hushuka sana, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na mwili unabaki bila askari. Joto likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane za usiku. Usimpe panadoli kwanza ukingoje kuche. Mkifika, waambie wazi kwamba yuko kwenye matibabu ya saratani.

Dada yako anampenda wifi yake, sina shaka. Lakini miti shamba mingine huligombanisha ini na dawa za hospitali, na hakuna atakayejua kilichomdhuru. Asipewe chochote ambacho daktari wake hajaambiwa. Mpe dada kazi nyingine: siku ya dripu na siku mbili zinazofuata aje akae na watoto, nawe upate usiku mmoja wa kulala hadi asubuhi. Unauhitaji, mwanangu. Sahani ile ilivunjwa na mtu ambaye hajalala.

Kuhusu chumba cha watoto, sijui moyo wa mkeo. Lakini mwanamke aliyenyonyoka nywele, anayeamka usiku kutapika na kutoka jasho, mara nyingi huhama ili asionekane. Usimdai arudi. Mwombe radhi kwa ile sahani, bila kutaja uchovu wako ndani ya sentensi hiyo hiyo. Kisha chukua mkeka, utandike chini kando ya kitanda chake, umuulize kama unaweza kulala hapo.

Akikubali au akikataa, niandikie. Niambie pia ni kitu gani kimempita kooni.