Kabla Hamjauza Ile Robo Eka

Shemeji, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na dada pia nimemsikia akiongea nyuma yako. Mnasema kikao kimekubali ile robo eka ya karibu na mto iuzwe, pesa apewe wakala wa Nairobi, naye amfikishe mpwa wangu kwenye majaribio ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani huku Marekani niliko. Kijana ana kilo 110, ana mbio, na huko Kakamega shule zinamwogopa kwenye raga. Halafu ukamalizia kwa neno lililonikera: "Wewe uko ndani huko, unakaa na mamilionea, utampokea."

Sijui habari ya mimi kuwa ndani ilianzia wapi. Mimi ni mtu wa usafi. Anayenilipa ni kampuni iliyoshika zabuni, timu haina habari nami. Siku za kawaida nasafisha kituo cha mazoezi: vyoo, bafu, vyumba vya kubadilishia nguo. Siku ya mechi tunaingia uwanjani mashabiki wakishatoka, tunakesha tukiokota vikombe mstari kwa mstari, wenzetu wakifuata na mashine za kupuliza maganda ya karanga, kisha mipira ya maji. Jina la timu silitaji kwa sababu bado nakula hapo. Ila timu hiyo imeanza msimu kwa kupoteza mechi tatu mfululizo, na ndiyo sababu pesa ya mwezi huu ilikuja pungufu. Mlidhani nimebadilika. Tulieni niwaeleze.

Ligi Kuu ya Uingereza mnaifahamu: mechi 38, timu ikiyumba Agosti ina hadi Mei ya kujirekebisha. Hapa ni mechi 17 tu, kuanzia Septemba hadi mwanzo wa Januari, mechi moja kwa wiki. Ukipigwa mara mbili mwanzoni, mwaka umeanza kukuponyoka. Tangu 1990, kati ya timu zilizopoteza mbili za kwanza, ni kama moja katika kila tisa iliyofika mtoano. Wapo waliofufuka. San Diego Chargers walipoteza nne za kwanza mwaka 1992, wakamaliza wameshinda 11. Houston Texans walipoteza tatu za kwanza mwaka 2018, nao wakashinda 11. Kocha akibanwa na waandishi wa habari hutaja mifano ya namna hiyo, lakini mwenye timu hana subira ya kungoja muujiza. Na huku hakuna kushuka daraja. Timu ya mwisho hata hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, na mgao wake wa fedha za televisheni unaingia vilevile. Wanaoshuka ni watu.

Kocha ndiye wa kwanza kutazamwa. Oktoba 2024 New York Jets walipoteza London siku ya Jumapili, na Jumanne kocha wao Robert Saleh akafukuzwa, akiwa ameshinda mbili na kupoteza tatu. Walimaliza msimu wameshinda tano kati ya 17, kwa hiyo hata huko kumfukuza hakukuwaokoa. Tazameni na Carolina Panthers. Matt Rhule aliondolewa Oktoba 2022 baada ya mechi tano. Mwaka 2023 akaja Frank Reich, pamoja na kwotabeki Bryce Young (kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), kijana aliyechaguliwa wa kwanza nchi nzima. Wakapoteza sita za mwanzo, Reich akafukuzwa kabla msimu haujaisha, na wakamaliza wameshinda mbili tu. Mwaka 2024 akaja kocha mwingine, Dave Canales. Wakachapwa 47-10 kule New Orleans, kisha 26-3 nyumbani na Chargers, na Jumatatu yake Young akawekwa benchi. Baada ya mechi mbili! Kijana wa miaka 23, ambaye mwaka mmoja nyuma mji mzima uliambiwa ndiye mkombozi.

Lakini Young alikuwa na kinga. Mkataba wake wa karibu dola milioni 38 ulikuwa wa uhakika wote, acheze asicheze. Oktoba akarudishwa uwanjani na akaanza kuinuka. Mpwa wangu hatakuwa Bryce Young, na naomba mlipokee hili bila kunikasirikia. Kijana anayeujulia mchezo ukubwani, hata Mungu akimfungulia kila mlango, ataingia kwa mlango wa chini. Huo mlango wa chini naujua, kwa sababu korido yake naipiga deki mimi.

Mwisho wa Agosti kila timu hupunguza watu kutoka 90 hadi 53. Timu ni 32. Pigeni hesabu: zaidi ya wanaume 1,100 wanaachwa karibu kwa wakati mmoja. Wengine hurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, yaani wanaofanya mazoezi na timu bila kuwa kwenye wale 53, watu 16 kila timu, na nafasi moja ya ziada kwa mchezaji wa kigeni aliyepitia mpango wa kimataifa wa NFL. Hapo ndipo mpwa wangu angekaa, kama angefika. Kiwango cha chini cha kikosi hicho mwaka 2024 kilikuwa dola 12,500 kwa wiki. Najua umeshazibadilisha kwa shilingi, na umeshazidisha mara wiki 52. Acha hesabu hiyo, shemeji. Unalipwa wiki unazokuwepo tu, msimu wenyewe ni wiki 18, na wanaweza kukuacha siku yoyote. Kodi ya serikali inakatwa kabla hujaigusa, wakala anachukua chake, na nyumba umekwisha kuitilia saini.

Timu ikishinda, wachezaji wa chini hakuna anayewakumbuka, na kutokukumbukwa huko ni salama yao. Ikipoteza, Jumanne inakuwa siku ya hofu. Wachezaji wengi wanapumzika, na wageni wanaletwa kujaribiwa: wanapimwa uzito, wanakimbizwa, wanakaguliwa magoti. Akisajiliwa mmoja, mmoja anatoka.

Jumanne moja mwezi huu nilikuwa kwenye korido na toroli yangu, akatoka ofisini kijana mmoja wa kikosi cha mazoezi. Huyo alikuwa ananisalimia kila asubuhi, aliwahi kuniuliza Kenya iko upande gani wa Afrika, na jibu akalikumbuka. Akaniomba mfuko wa taka. Nikamkatia mmoja mweusi, ule mkubwa. Akatia viatu vyake, bandeji za vifundo, sabuni, chaja, kofia. Utepe wenye jina lake juu ya kabati ulikuwa umeshabanduliwa, imebaki gundi. Msimamizi wangu akaniambia niikwangue ile gundi upesi, maana mwenye kabati mpya alikuwa amekaa chumba cha pili anangoja. Hakuna aliyemfokea yule kijana. Walimpa mkono, wakamshukuru. Simu yake ikawa inalia, haipokei. Alipofika mlangoni akaniambia ni mama yake, na kwamba nyumba anayoishi mama ni yeye anayeilipia.

Nilisimama pale na kisu cha kukwangulia mkononi, nikakosa la kumwambia. Nilimwelewa kuliko alivyodhani.

Maana huo uzito ndio ninaoubeba mimi, kwa kipimo changu. Timu ikipoteza, mashabiki wa huku wengine huja na mifuko ya karatasi kichwani, wameitoboa macho, kuonyesha kwamba wanaona aibu. Mechi ikiisha wanaiacha, na sisi tunaiokota chini ya viti ikiwa imelowa bia. Wiki inayofuata wengine hawaji kabisa. Viti vya juu vinabaki vitupu, takataka zinapungua, na kampuni inapunguza watu. Nimeshavaa jaketi na buti, naingia ujumbe kwenye simu: leo usije. Mistari miwili tu, hakuna fidia. Hapo naanza kukokotoa: kodi ya nyumba haingojei, bima ya gari haingojei, kwa hiyo kinachongoja ni ada ya shule huko nyumbani. Kisha naambiwa kuna mtu msibani alisema nimewasahau. Nilipoondoka nilimwachia dada kazi yote ya kuwauguza wazee, na deni hilo silikatai hata siku moja. Lakini kusahau, hapana.

Sasa mtaniambia wapo Wakenya waliofika. Ni kweli, na najivunia. Daniel Adongo alitoka kwenye raga, Indianapolis Colts wakamsajili mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza mchezo huu hata mara moja, na Desemba hiyohiyo akaingia uwanjani. Mwaka 2015 wakamwachilia. Rees Odhiambo alizaliwa Nairobi, akaletwa Marekani mtoto mdogo, akaucheza shuleni na chuoni, akachaguliwa na Seattle Seahawks mwaka 2016. Agosti 2017 mwenzake aliumia, Odhiambo akawekwa upande wa kushoto wa ukuta, mahali pa kumlinda kwotabeki, palipo pagumu kuliko pote. Mechi ya kwanza wakapoteza 17-9 kwa Green Bay, na lawama zikaangukia ukuta. Tarehe 1 Oktoba alipigwa kifuani, akamaliza mechi, usiku akalazwa hospitali. Oktoba haikuisha kabla Seattle hawajamleta Duane Brown kutoka Houston kucheza nafasi ileile. Odhiambo ni mtu aliyeucheza mchezo huu tangu shuleni, mwenye kipaji ambacho wengi hawana, na bado miezi miwili tu ya msimu ilitosha kumpindua. Ninyi mnataka kuuza shamba kwa ajili ya miezi kama hiyo.

Basi msiuze. Na huyo wakala mwambieni awaonyeshe barua ya timu iliyomtuma, muone kama atapokea simu tena. NFL wenyewe walikuja Nairobi mwaka 2023 kutafuta vipaji, kwa hiyo wakimtaka mtu wanajua njia ya kufika Kenya. Mtu anayedai ada ya kukupeleka kwao, mfungieni lango.

Lakini msimvunje moyo kijana. Sisemi asitoke. Nikisema asitoke nitakuwa nasema uongo, kwa sababu mimi mwenyewe nimetoka na bado niko huku. Kuna vyuo vya Marekani vyenye timu kubwa za raga, kama Lindenwood kule Missouri na Life University kule Georgia, na hutoa ufadhili kwa wachezaji. Aje kwa mlango wa masomo. Viza ya mwanafunzi itamruhusu kazi ya chuoni saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, haitoshi kutuma chochote nyumbani, na hilo mlikubali mapema kabla hajapanda ndege. Mkishindwa kulikubali, abaki. Akae Kenya asome ufundi wa umeme, acheze raga yake wikendi, atakuwa amewazidi wengi ninaokesha nao hapa.

Tena dada, nisikilize wewe. Akija huku, akianza vibaya, na karibu wote huanza vibaya, usimpigie kumuuliza pesa mwaka wa kwanza. Muulize kama amekula. Akikwambia kila kitu sawa, usimwamini. Akinyamaza wiki mbili, usimtangaze kwa majirani. Kila mzazi anataka kumwambia mwanawe kwamba nyumba nzima inamtegemea, akidhani anamtia nguvu. Nimeona wanaume wenye shingo nene kuliko paja langu wakikaa ndani ya gari kwenye maegesho, injini imezimwa, wameshindwa kurudisha simu ya nyumbani.

Mimi nitajikaza. Timu ishinde isishinde, muhula wa kwanza wa mdogo wake mpwa wangu nitaulipa, nimeshapata zamu za ghala usiku baada ya deki. Msinitegemee kwa zaidi ya hapo. Ila mzee akiugua, nipigieni saa yoyote, hata usiku wa manane wa huku, tutajua la kufanya.

Kijana mwenyewe anipigie Jumatano, asubuhi ya huku, ambayo kwenu ni jioni. Aje na matokeo yake ya mtihani wa mwisho na video za mechi mbili tatu, nzima nzima, zenye makosa yake pia, kwa sababu makocha wa vyuo wanazitaka hivyo. Hatimiliki ya shamba arudishiwe mzee leo, na pesa ya kishika mahali, kama mnunuzi ameshaitoa, mrudishieni kabla haijaliwa.