Jibu: Kutuma nyaraka za siri kupitia SecureDrop

Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza kama ni salama kumtumia mwandishi wa habari nakala za mikataba ya chama chenu cha ushirika kupitia SecureDrop, mfumo ambao vyombo vya habari hutumia kupokea nyaraka kwa siri. Mfumo wenyewe ni imara, kwani hupokea nyaraka kupitia mtandao wa Tor, unaoficha anwani ya kompyuta yako. Ninachokihofia zaidi ni karatasi zenyewe: printa nyingi za leza za rangi huchapa vinukta vya njano, vidogo mno kuonekana kwa macho, vyenye namba ya mashine na tarehe. Tafadhali usiguse kompyuta wala intaneti ya ofisi kwa kazi hii. Hapa Arusha, mwenzangu alitambuliwa kwa jina lake lililobaki ndani ya faili, akapoteza kazi.