Majaribio ya kerneli na vitegemezi vyake: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini wanaojaribu kselftest, yale majaribio yanayokuja ndani ya msimbo wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi), kwenye folda ya tools/testing/selftests. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo mwalimu. Nikijenga majaribio ya capabilities (mamlaka ya programu), kompaila ya gcc inagoma na kusema cap-ng.h haipo. Nikiangalia kwenye mashine, libcap-ng imo. Inakuwaje? (Iyunga, Mbeya)

Marahaba. Ulicho nacho ni libcap-ng0, yaani maktaba ya kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa. Wewe unajenga, kwa hiyo unahitaji na heda, yaani faili za .h zinazomweleza kompaila kilichomo kwenye maktaba. Mlaji anahitaji ugali, mpishi anahitaji unga. Debian na Ubuntu huweka heda kwenye pakeji ya pembeni yenye mkia wa -dev, kwa hiyo sakinisha libcap-ng-dev. Kwenye Fedora mkia wake ni -devel.

Usikariri majina. Sakinisha apt-file, usasishe orodha yake kwa `apt-file update`, kisha andika `apt-file search cap-ng.h` na utaonyeshwa pakeji yenye faili hiyo. Ukiona "cannot find -lcap-ng", ugonjwa kwa kawaida ni uleule, safari hii analalamika anayeunganisha badala ya anayekompaili. Na kabla hujajenga chochote, ingia kwenye folda ya selftests uendeshe `./kselftest_deps.sh gcc`. Hati hiyo inapitia maktaba zinazotajwa na majaribio, inajaribu kuziunganisha moja moja, kisha inakuambia zipi hazipo na majaribio gani yatakwama. Inakagua maktaba tu, lakini hilo peke yake linakuokoa jioni nzima.

make ilimaliza bila kulalamika, ila programu nyingine hazipo kabisa. Nimekosea wapi? (Njombe)

Hujakosea, na swali hili ndilo nililolisubiri kwa hamu. Makefile ya kselftest imepangwa isonge mbele hata folda moja ikishindwa, ili anayekosa maktaba moja asinyimwe majaribio mengine yote. Mwishoni, mradi folda moja tu imejengeka, make inahesabu kazi imefanikiwa. Kosa la kweli limepita juu huko, katikati ya mamia ya mistari, na wewe ulikuwa umeenda kuchemsha chai.

Ongeza FORCE_TARGETS=1, mfano `make -C tools/testing/selftests TARGETS="timers mm" FORCE_TARGETS=1`. Sasa itasimama palepale inapokwama.

Hata hivyo kuna upungufu ambao hata hiyo haiukamati. Kwenye majaribio ya mm (usimamizi wa kumbukumbu), maktaba ya liburing ikikosekana unapewa onyo tu kwamba baadhi ya majaribio yatarukwa, na ujenzi unaendelea. Hapo ni macho yako. Hifadhi matokeo yote kwenye faili kwa `2>&1 | tee jenga.log`, halafu utafute maneno "error" na "Warning". Nimewahi kukaa na kijana aliyeamini mashine yake imefaulu kila kitu. Tulipofungua faili yake, sehemu kubwa ilikuwa SKIP, yaani majaribio yaliyorukwa. Jaribio lililorukwa hutoa namba 4, lililofaulu hutoa 0. Ukiripoti ya kwanza kama ya pili, unampotosha atakayetegemea ripoti yako, na mimi hilo linaniuma.

Bando langu ni dogo. Nianzie wapi? (Mafinga)

Chukua msimbo kwa `git clone --depth 1` ili usivute historia yote. Anza na TARGETS=size; jaribio hilo halihitaji maktaba ya ziada zaidi ya gcc na maktaba ya msingi ya C. Majaribio ya bpf (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli) yaache kwanza, maana yanataka kompaila mpya ya clang na zana ya pahole, na hata Makefile yenyewe huyaruka usipoyaomba.

Pakeji unaweza kuzivuta kwa rafiki mwenye intaneti nzuri kwa `apt-get install --download-only`, kisha ukazibeba kwa flashi kutoka /var/cache/apt/archives. Toleo la Ubuntu liwe sawa na lako, na ukumbuke kwamba apt haitavuta kile ambacho mashine ya rafiki tayari inacho.

Nilijenga chuoni Iringa kwenye Ubuntu 22.04, nikapeleka nyumbani Ilula kwenye 20.04. Inasema GLIBC_2.34 haipo. (Kilolo)

Glibc ni maktaba ya msingi ya C; Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, 20.04 ina 2.31. Programu iliyojengwa kwenye mpya mara nyingi haikubali ya zamani. Kinyume chake kwa kawaida hukubali. Jenga kwenye ile ya zamani, au tengeneza kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine) ya 20.04 chuoni ujengee humo. Tafadhali usijaribu kubadilisha glibc ya mashine ya nyumbani kwa mkono, karibu kila programu humo inaitegemea na unaweza kuamka huna hata terminali.

Kila kitu kimejengeka, maktaba zote zipo, bado majaribio ya net yanarukwa. (Tukuyu)

Kitegemezi kinachokosekana kimo ndani ya kerneli yenyewe. Folda nyingi za majaribio, net ikiwemo, zina faili inayoitwa config, nayo inaorodhesha vipengele ambavyo kerneli iwe imewashiwa. Ilinganishe na faili ya config iliyoko /boot kwa kerneli unayotumia, utaona pengo. Kuliziba, andika `make localmodconfig` ili kupunguza yasiyohusu mashine yako, kisha `make kselftest-merge` ichanganye mahitaji ya majaribio yote, halafu ujenge kerneli na kuiwasha. Ifanye ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, si kwenye laptopu unayoandikia kazi za chuo. Ukishawasha, andika `uname -r` kuhakikisha kweli umeingia kwenye mpya. Wengi hurudia majaribio juu ya kerneli ileile ya zamani.