Galactica Ikirudi Tena, Tuipime kwa Hesabu

Jaribio la karibuni la kuifufua Battlestar Galactica, tamthilia ya Marekani kuhusu binadamu wachache wanaokimbia angani mashine zilizoangamiza wenzao, lilitangazwa mwaka 2019: mtayarishaji Sam Esmail angeisimamia, huduma ya mtandaoni ya Peacock ingeirusha. Mashabiki wakaanza kupanga waigizaji. Ilipofika 2024 Peacock ilijitoa, na hakuna hata onyesho moja lililokuwa limepigwa picha. Jina la Galactica lina wapenzi wengi mno kuachwa kabatini, kwa hiyo tangazo jingine litakuja. Makala haya ni ya shabiki anayetaka kuwa na matumaini bila kuyamwaga yote siku ya kwanza. Yanafichua mengi ya hadithi; ambaye hajaitazama tamthilia iliyoanza 2004, toleo jipya la Ronald D. Moore, aitazame kwanza, kisha arudi.

Anza kwa kujifunza kusoma tangazo lenyewe. Neno "inaandaliwa" maana yake ni kwamba kuna mwandishi aliyelipwa aandike. Hati inaweza kuandikwa, kukataliwa, kupewa mwandishi mwingine na kutupwa, na kampuni isiwe imevunja ahadi yoyote. Hatua yenye uzito ni kuagizwa: kampuni inakubali kulipia sehemu ya majaribio, au msimu mzima. Baada ya hapo tafuta habari za seti. Chumba cha amri cha meli ya anga Galactica, sitaha ya ndege na korido zake si vitu vya kukodi. Vinajengwa kwa mbao na chuma ndani ya studio, na studio hukodishwa kwa miezi. Seti zikianza kujengwa, pesa imeshatoka. Kabla ya hapo, furahia habari lakini usiitegemee.

Jina la kulitafuta kwenye tangazo ni la mwandishi mkuu. Nyota wa kwanza atakusaidia kidogo, na mwongozaji wa sehemu ya kwanza mara nyingi huondoka baada ya sehemu hiyo. Mwandishi mkuu ndiye anayekaa na hadithi msimu baada ya msimu, kwa hiyo chunguza aliwahi kuandika nini kirefu, na kile kirefu kiliishaje. Ronald D. Moore hakuichukua Galactica mikono mitupu. Alikuwa ameandika tamthilia za anga za Star Trek kwa miaka, hasa Deep Space Nine, akapita kwa muda mfupi nyingine yao, Voyager, na kuondoka. Baadaye aliikosoa Voyager hadharani: meli imepotea mbali na nyumbani, haina bandari wala msaada, lakini kila wiki iko safi kana kwamba haikupigwa. Manung'uniko hayo ndiyo mbegu ya Galactica yake. Mwandishi mpya akiwa na hoja ya namna hiyo, jambo analotaka kulirekebisha kwenye aina hii ya hadithi, hapo mimi huanza kusikiliza. Na waandishi wakuu wakibadilishwa mara mbili kabla ya kamera kuwashwa, ujue wenye tamthilia hawajakubaliana inahusu nini.

Inahusu nini basi? Kwangu jibu ni hesabu. Meli moja ya kivita, msafara wa meli za raia, watu karibu 50,000 waliobaki kati ya mabilioni, na hakuna mahali popote pa kupata vipuri, maji au marubani wapya. Kila kinachopungua kimepungua kweli. Sehemu iitwayo "33", ya kwanza ya msimu wa kwanza baada ya filamu ya sehemu mbili ya Desemba 2003, inaonyesha jambo hili kuliko nyingine yoyote. Cylon, mashine zinazowawinda binadamu, wanatokea kila baada ya dakika 33. Wafanyakazi hawajalala kwa zaidi ya siku tano. Rais Laura Roslin ana ubao mweupe wenye idadi ya watu walio hai, na kila anayekufa anafutwa pale. Meli ya abiria inaposhukiwa kubeba silaha ya nyuklia, Galactica inalazimika kuilipua. Mwisho wa sehemu hiyo Roslin anaongeza mtu mmoja ubaoni, kwa sababu mtoto amezaliwa. "33" ilishinda Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, mwaka 2005, na ilistahili: bila kueleza sayansi yoyote inakufanya uhisi uzito wa mtu mmoja kati ya elfu hamsini.

Angalia pia jinsi upungufu mmoja unavyozaa mwingine. Katika "Water" matangi yanalipuliwa na msafara unapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Barafu inapatikana, lakini kuichimba kunahitaji watu, na watu waliopo bila kazi ni wafungwa. Katika "Bastille Day" wafungwa wanakataa, kiongozi wao Tom Zarek anateka mateka, na makubaliano yanayomaliza mgogoro ni ahadi ya uchaguzi ndani ya miezi saba. Uchaguzi huo unakuja mwishoni mwa msimu wa pili na unabadilisha kila kitu. Tangi likavuja, serikali ikaanguka. Hakuna mhusika aliyelazimishwa kufanya jambo lisilo la tabia yake ili hadithi ifike pale. Ndiyo kazi ninayotaka kuiona tena, na haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji waandishi wanaokumbuka walichoandika wiki tatu zilizopita.

Ukitaka kuona kwa macho yako toleo jipya hufanya nini linapofanikiwa, tazama hadithi moja iliyosimuliwa mara mbili. Tamthilia ya kwanza, ya Glen A. Larson, ilirushwa na kituo cha ABC kuanzia Septemba 1978 na ikakatishwa 1979 baada ya sehemu 24. Ndani yake kuna "The Living Legend": Kamanda Cain, aliyeigizwa na Lloyd Bridges, anajitokeza na meli ya pili, Pegasus, iliyodhaniwa imeangamia. Msafara unahitaji mafuta. Adama, kamanda wa Galactica, anataka kuteka meli za mafuta za Cylon, Cain anataka vita, naye anazilipua meli hizo ili wenzake wasiwe na njia nyingine. Mwishoni anapigana kishujaa na kutoweka na meli yake, na Galactica inaendelea na safari.

Kisha tazama "Pegasus" ya 2005 na "Resurrection Ship" inayofuata. Cain sasa ni Admirali Helena Cain, aliyeigizwa na Michelle Forbes, mwenye cheo kinachompita Adama. Siku ya kwanza ni shangwe. Halafu habari zinaanza kuvuja: alimpiga risasi msaidizi wake mkuu mbele ya wafanyakazi kwa kukataa amri ya kushambulia, alikutana na meli za raia, akachukua vipuri na watu wenye ujuzi, akawaacha waliobaki. Mifupa ya hadithi ni ileile: kamanda anayewaona raia kama mzigo. Kilichobadilika ni gharama. Na Pegasus haitoweki baada ya wiki mbili; inabaki, inabadilisha makamanda, na inakuja kuteketea msimu wa tatu kwa kuiokoa Galactica. Zitazame hizo mbili kwa kufuatana, ya zamani kwanza. Zitakufundisha kuliko mahojiano yoyote ya watayarishaji.

Mashabiki wengi hupoteza nguvu zao kwenye mambo yanayoonekana haraka. Rubani Starbuck alipogeuzwa kuwa mwanamke, kutoka Dirk Benedict hadi Katee Sackhoff, kelele zilikuwa kubwa. Boomer, rubani mwingine, naye aligeuzwa. Cylon, ambao mwanzo walitengenezwa na viumbe wa sayari nyingine wenye asili ya reptilia, sasa walikuwa wametengenezwa na binadamu wenyewe, na baadhi yao hawatofautiki na watu. Silaha za miale zikaachwa, risasi na makombora yakaingia. Richard Hatch, aliyeigiza rubani Apollo katika tamthilia ya 1978, alikuwa amepigania kwa miaka tamthilia ya awali iendelezwe badala ya kuanzwa upya, hadi akatengeneza trela yake mwenyewe. Baadaye alikubali kuigiza Tom Zarek, na Zarek akawa mmoja wa watu wenye kuvutia zaidi katika msafara wote. Kwa hiyo likija tangazo kwamba fulani amebadilishwa jinsia, umri au rangi, mimi sihesabu hilo upande wowote. Jiulize tu mabadiliko yanamfanyia nini msafara. Cylon kuwa watoto wa binadamu kuliongeza swali la hatia. Kwa hiyo lilikuwa badiliko lenye kazi.

Ishara mbaya ni kinyume chake: sura ikibaki ileile na kazi ikitoweka. Simu zenye waya na karatasi zilizokatwa pembe zinapendwa sana, lakini simu hizo zina sababu. Galactica ilinusurika kwa kuwa ilikuwa kuukuu, kompyuta zake hazikuunganishwa, ilhali meli za kisasa zilizimwa na Cylon kupitia programu ya uongozaji iliyokuwa na mlango wa siri. Toleo jipya likiweka simu za waya kwa kumbukumbu tu huku kila skrini ikiwa imeunganishwa na nyingine, waandishi hawakuelewa walichokirithi. Vivyo hivyo muziki: Bear McCreary, mtunzi wa muziki wa tamthilia ya Moore, aliutumia wimbo wa Stu Phillips wa tamthilia ya 1978 kama wimbo wa taifa wa makoloni, yaani sayari walikotoka binadamu. Hiyo ndiyo heshima yenye akili, kitu cha zamani kikapewa nafasi ndani ya ulimwengu wenyewe.

Idadi ya sehemu ni jambo ninalolihofia zaidi. Msimu wa kwanza wa Moore ulikuwa na sehemu 13, wa pili na wa tatu 20 kila mmoja. Misimu ya siku hizi kwenye huduma za mtandaoni mara nyingi ni sehemu nane au kumi, na kati ya msimu na msimu inaweza kupita miaka miwili. Kwa hadithi yenye siri moja inatosha. Kwa msafara ni finyu, kwa sababu zinazokatwa kwanza ni hadithi za raia: mgomo kwenye meli ya kusafisha tylium, mafuta ya msafara, katika "Dirty Hands", foleni za chakula, mahakama. Wakati huohuo nisiwe mpenzi kipofu. Sehemu 20 nazo zilileta uzembe, na "Black Market" ya msimu wa pili Moore mwenyewe aliikosoa waziwazi. Nafasi nzuri kwangu ni kati ya 12 na 14. Ukiona nane, tazama kama wamepunguza idadi ya wahusika pia. Wahusika ishirini kwenye sehemu nane ni fujo.

Halafu kuna mwisho. Tamthilia ya Moore ilitangaza kila wiki kwamba Cylon wana mpango, wakati waandishi hawakuwa na mpango huo. Cylon watano wa mwisho, waliofichika kati ya binadamu, waliamuliwa tamthilia ikiwa tayari katikati ya msimu wa tatu, ndiyo maana baadhi ya matendo yao ya awali hayakai vizuri ukitazama tena. Mgomo wa waandishi wa Hollywood, Novemba 2007 hadi Februari 2008, nao ukakata msimu wa nne vipande viwili. Mimi bado naupenda mwisho wa 2009, wengi hawaupendi, na pande zote mbili zina sababu. Ushauri wa vitendo ni huu: watayarishaji wapya wakihojiwa, sikiliza kama wanasema wanajua hadithi inaishia wapi na kwa misimu mingapi. Wakizungumzia tu siri na mafumbo, punguza matumaini nusu.

Esmail alisema yake isingerudia ya Moore, ingesimulia hadithi nyingine ndani ya ulimwengu uleule. Njia hiyo ni ya hekima, lakini ina shimo lake, na Caprica ya 2010 ilitumbukia humo. Ilikuwa na waigizaji wazuri na mawazo mazito kuhusu dini na mashine, ila ilihusu familia mbili mjini, kabla ya vita. Hakuna msafara, hakuna kupungua. Ikaondolewa hewani Oktoba 2010 kabla ya sehemu zake kuisha. Hadithi nyingine ndani ya ulimwengu huu inawezekana, mradi ibebe upungufu wake: meli nyingine iliyonusurika, au koloni lililobaki nyuma chini ya Cylon.

Kuhusu akili mnemba, kishawishi cha kuhubiri kitakuwa kikubwa sasa kuliko 2003. Cylon wa Moore walifanya kazi kwa sababu waliamini Mungu mmoja, waliogopa kufa mbali na meli yao ya ufufuo, ambako Cylon aliyekufa huamka katika mwili mpya, na walibishana wao kwa wao. Walikuwa watu wenye nia. Mashine inayozungumza kama habari za teknolojia za mwezi uliopita itazeeka kabla ya msimu kwisha.

Siku ikirushwa, usiihukumu kwa sehemu ya kwanza. Sehemu hiyo ndiyo hupewa pesa na muda kuliko zote, nayo itapendeza tu. Chukua karatasi uandike mambo manne: watu wangapi wamebaki, meli ngapi, ndege ngapi za kivita za Viper, na mafuta au maji yanatosha siku ngapi. Kama sehemu ya kwanza haikukupa hata namba mbili kati ya hizo, andika hilo pia. Fika sehemu ya tatu ukiwa na karatasi yako. Viper sita zikilipuka Jumatano na wiki inayofuata sitaha ikawa imejaa bila mtu kuuliza zimetoka wapi, unaweza kuendelea kutazama kwa ajili ya picha, lakini si Galactica. Namba zikiwa zimeshuka, na kuna mtu melini anayezifuta kwa mkono wake na kukosa usingizi kwa sababu yake, ipe msimu mzima.