Kabla ukubali AC yako ijaziwe gesi mara ya tatu, valvu iangaliwe

Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Kisumu, kazi zangu nyingi ziko Milimani, Riat na Mamboleo, na kitu moja huniuma sana ni kuona mtu amelipia gesi mara mbili mara tatu na bado analala kwa joto. Gesi ya AC si kama ya kupikia, haitumiki ikaisha. Inazunguka tu ndani ya paipu zilizofungwa, kwa hivyo kama imepungua kuna mahali inatoka, na kama haijapungua hata ukiongezewa mtungi mzima haitakusaidia kitu.

Kuna mama mmoja wa Milimani alinipigia simu, akaniambia kijana wangu hii mashine inapuliza upepo tu, baridi hakuna. Ni spliti, ile AC ya boksi moja ndani na moja nje, ya inverta, yaani kompresa inabadilisha kasi, na gesi yake ni aina ya R410A. Mafundi wawili walikuwa washapita hapo, wote wakaongeza gesi, na yule wa mwisho akamwambia kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, imekufa atafute mpya. Nikamuuliza, mama, kuna mwenye alikuja na mizani ya kupima uzito wa gesi? Akasema hapana, walikuja na geji ya presha na mtungi basi.

Sasa mimi huwa sianzi na geji. Naosha filta ya ndani, halafu naenda nje naangalia kondensa, ile sehemu ya boksi ya nje inayotoa joto, manake huku kwetu vile vijidudu vya ziwa vikipanda kama moshi vinaenda kujaa kwa mapezi ya kondensa, vumbi inashika juu yake na hewa haipiti tena, na hapo mashine inakuonyesha ugonjwa mwingi ambao haina. Ya huyu mama ilikuwa safi. Lakini paipu nyembamba ilikuwa imeshika barafu nyeupe na ile nene haina baridi kabisa, na geji ikasoma kama psi 60, wakati R410A ikipoesha vizuri iko pale kwa 110 hadi 130.

Hapa ndipo watu wanapotea. Hiyo alama ya barafu kwa paipu nyembamba inakuja gesi ikiwa kidogo, na inakuja hivyo hivyo valvu ikikwama imefunga. Valvu ndiyo mlango mdogo ambao gesi ikiwa maji inabanwa ipite, presha ianguke, ndio baridi itokee. Ikifungua kidogo sana, koili ya ndani, zile paipu zinazopoesha chumba, inakaa njaa. Ikifungua sana, gesi inarudi ikiwa bado maji mpaka kwa kompresa na kuiua. Na kwa spliti nyingi hiyo valvu iko kwa boksi ya nje, kwa hivyo paipu zote mbili unazoona ukutani ziko baada ya valvu, geji peke yake haiwezi kukuambia ni gani kati ya hizo mbili.

Kwa hivyo sikiliza kwanza, haina gharama. Zima umeme wa AC kabisa, ngoja dakika chache, washa, na uweke sikio karibu na boksi ya nje. Valvu ya inverta iko na kamota kadogo ka hatua, ikipata umeme inajirudisha mwanzo na unasikia tak-tak-tak. Ya mama ilikuwa kimya. Nikavua koili yake ya umeme, ile ya waya inayokaa juu ya valvu, nikapima na mita: nyingi za volti 12 zinasoma karibu ohm 46 kila upande, na hii upande mmoja ulikuwa umekatika kabisa. Koili inatoka bila kufungua gesi! Nikaweka nyingine, ikalia, paipu nene ikaanza kupoa, lakini boksi ya nje ikaanza kunguruma na presha ya juu ikapanda vibaya. Nikatoa gesi yote nikapima. Kibandiko kinasema gramu 1,200, ndani kulikuwa na 1,650. Kumbe kompresa haikufa, ilikuwa imeshindiliwa gesi. Nikavuta vakyum, yaani nikanyonya hewa na unyevu wote kwa paipu, mpaka chini ya mikroni 500, nikajaza mpya kwa mizani, mtungi ukiwa umegeuzwa ili iingie ikiwa maji.

Koili ikiwa nzima na bodi inatoa umeme lakini valvu haisongi, hapo sasa ndio unakata na kuchomelea ingine, na uifunge kitambaa chenye maji usiichome ndani, upitishe naitrojeni ndani ya paipu wakati wa kuchomelea, na filta draya, ile ya kunyonya unyevu, uweke mpya. Kama inapoesha nusu saa, inaacha, ukiizima ipumzike inapoesha tena, usiguse valvu. Huo ni unyevu, maji ya kweli, umeganda pale kwa tundu la valvu, mtu alifunga mashine bila vakyum ya maana.

Na spliti nyingi za zamani zisizo inverta hazina valvu, ziko na kapilari tu, ka-paipu kembamba, kwa hivyo usiuziwe valvu ya mashine ambayo haina.

Zile AC kubwa za kupitisha hewa kwa dari ziko na valvu ya balbu, kikopo kidogo chenye gesi kinachofungwa kwa paipu nene kusikia joto lake. Hizo nilikosea siku moja nikang'oa valvu nzima ya mteja, kumbe balbu ilikuwa imelegea inaning'inia hewani, inafikiri paipu ni moto, inafungua tu. Nilimrudishia pesa ya valvu. Sasa naanza kwa kukaza balbu na kuifunga vizuri, halafu naishika kwa mkono, presha ya chini lazima ipande, naitia kwa maji ya barafu, lazima ishuke. Isipotingisika, balbu imepoteza gesi yake au valvu yenyewe imekwama.

Yule mama nilimwachia koili iliyokufa, na kwa kifuniko cha boksi ya nje nikaandika gramu 1,200 na tarehe kwa maka pen, herufi kubwa, ndio fundi atakayekuja baada yangu aanze na mizani.