Taimauti Siyo "Imefeli"

Jana mdogo wetu wa mafunzo kwa vitendo, wiki ya tatu hapa, alituma malipo ya majaribio mara mbili, kisha nikamwona anafuta logi, yaani kumbukumbu za kila kilichofanywa na mfumo, harakaharaka. (Nakala ipo kwenye seva nyingine, ila bado hajui.) Sikuwa na nguvu ya kumgombeza, nilijiona mimi mwenyewe. Basi wadogo zangu mnaoanza kazi ya programu, sogeeni.

1. Kwenye usaili, usichokijua sema hukijui, halafu eleza ungeanzia wapi kukitafuta. Ukijaza lugha tisa za programu kwenye CV, tutakuuliza ile ya tisa. Makusudi kabisa.

2. Namba za simu watu wataziandika 07, wataziandika +255, wataweka na nafasi katikati. Zisafishe zote ziwe tarakimu 12 zinazoanza na 255. Sirudii.

3. Taimauti, yaani muda wa kusubiri jibu umeisha, maana yake "sijui". Hapa ndipo nilipoungulia. Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa Kijitonyama, unashukia Sayansi unatembea kidogo. Kila Ijumaa tulikuwa tunawalipa bodaboda wetu kwa simu, na skripti, ile programu fupi ya kutuma malipo, niliiandika mimi: usipopata jibu ndani ya sekunde 30, andika imefeli. Siku hiyo ikaandika imefeli, imefeli, imefeli. Nikairusha tena, nikaenda zangu kula wali maharage. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa inakwenda, taratibu, kama gari la Mbagala jioni. Bodaboda 61 wakalipwa mara mbili.

Hilo nalisimulia bila aibu. Aibu ni kwamba nilijua saa nane na robo. Nilifungua logi, nikaona, tumbo likanikata. Nikavaa hedifoni zisizopiga kitu. Nikapiga hesabu kama mshahara wangu utafidia. Hata wa miezi mitatu usingetosha. Dada wa uhasibu akapita: "Malipo yameenda?" Nikajibu, "Freshi, dada." Freshi! Saa kumi na moja akapigiwa na bodaboda mmoja mtu mzima: "Mwanangu, mmenizidishia, nirudishe wapi?" Dada akaja akasimama nyuma ya kiti changu, simu mkononi, hasemi neno. Muda huo wengi walikuwa wameshatoa hela kwa mawakala. Saa nane tungeweza kuomba zilizobaki zirudishwe. Bosi naye aliuliza swali moja tu: "Umejua tangu saa ngapi?"

Kila malipo yapewe kumbukumbu namba yake, ikirudiwa mfumo uikatae. Ukikosa jibu, ulizia hali ya muamala kwanza.

4. Usipandishe kitu kipya kwenye seva Ijumaa. Msinibishie.

5. Kwenye kikao cha asubuhi, "nimekwama tangu jana" ni taarifa nzuri sana. "Naendelea vizuri" siku nne mfululizo, siku ya tano nahamishia kiti changu mezani kwako.

6. Mtaulizwa kosa lenu kubwa kuliko yote. Msijibu "napenda kazi mno", tumeshachoka nalo. Mimi niliposailiwa kwa kazi hii niliwasimulia habari ya bodaboda wote 61, pamoja na ile "freshi". Wasaili watatu walikaa kimya, nikajua nimejimaliza. Kisha mmoja akauliza kama yule mtu mzima alirudisha.

Alirudisha yote. Ada ya kutuma alilipa yeye.