Dishi juu ya paa: maswali yenu ya intaneti ya setelaiti kazini

Wiki mbili hizi simu yangu ni dishi, dishi, dishi. Nimechukua machache tuyajibu hapa, wengine mnisamehe, niko juu ya mabati mchana kutwa.

Fundi, huku Isinya kila petroli stesheni naona kadishi keupe kwa paa. Ni fasheni ama?

Si fasheni, ni bei. Kitambo setelaiti ilikuwa ya mabenki, mashirika ya misaada na kampuni za mafuta kule Turkana, manake dishi la VSAT, lile kubwa la zamani la setelaiti, lilikuja na pikapu na mafundi wawili na bili ya dola kila mwezi. Starlink, kampuni ya Elon Musk ya intaneti ya setelaiti, walipoingia Kenya Julai 2023 mashine ilikuwa karibu 89,000 watu wakaguna, 2024 wakaishusha kama nusu halafu wakaleta ya kukodi 1,950 kwa mwezi, hapo ndo mwenye gesti na mwenye agrovet wakaanza kupiga hesabu. Ukiangalia takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, Juni 2024 Starlink walikuwa na wateja elfu nane na kitu, kufika Desemba wamepita 19,000. Halafu mtandao wao ukajaa! Novemba hiyo 2024 Nairobi na kaunti za jirani wakasimamisha wateja wapya, wakafungua tena Juni 2025. Ni kama tenki la ploti, wapangaji wakizidi, wa ghorofa ya juu anaoga usiku wa manane.

Tuna kambi ya watalii Mara na VSAT ya zamani, lile dishi kubwa. Tulitupe?

Polepole boss. Setelaiti ya dishi lako imekaa juu ya ikweta kama kilomita 36,000, ukipiga simu ya video neno lipande lishuke na jibu lirudi, zaidi ya nusu sekunde imeenda, ndo maana wageni wako wanaongea kwa pamoja halafu wote wananyamaza. Hizi mpya za Starlink ziko kilomita 550 hivi, za OneWeb, kampuni nyingine, 1,200, hiyo shida karibu haipo. Lakini soma mkataba wako kwanza, kama umeandikiwa spidi ambayo haigawanywi na mtu na kuna namba ya kupigia saa nane usiku, hicho kitu chako kina thamani, hao wa bei rahisi ukiwa na shida unaandika ujumbe kwa app unangoja. Mimi ningeweka mpya kwa wageni, ya zamani niiache kwa ofisi na malipo ya kadi mpaka mkataba uishe.

Na tafadhali angalieni miti. Kuna kambi niliitwa, meneja amekasirika kabisa, ati setelaiti ni takataka, simu inakatika kila dakika chache. Nikapanda, nikafungua kamera ya app ya Starlink nikazungusha simu angani, picha ikatoka na doa jekundu upande mmoja: matawi matatu ya mgunga. Dishi la zamani lilikuwa linaangalia sehemu moja tu ya mbingu, halikujali huo mti, hili jipya linafuata setelaiti zinazopita kwa hivyo linataka mbingu yote. Tawi haliruhusiwi kukatwa pale, tukahamisha dishi mita kumi na mbili na nyaya zikawa fupi hazifiki, siku ikaisha hivyo.

Niko Industrial Area na faiba iko poa. Ninunue?

Ya akiba tu, kama dukani mtandao ukienda saa moja unapoteza hela. Mei 12, 2024 mikonga ya EASSy na Seacom, zile nyaya za intaneti za chini ya bahari, ilikatika kusini huko na Afrika Mashariki yote tukahema. Ila usidanganywe ati setelaiti haihusiani na mikonga. Data ikishuka kutoka juu inaingia kituo cha chini, na kutoka hapo kwenda Ulaya inapanda mkonga kama ya kila mtu. Kitu dishi linakuokoa nacho sana ni yule wa trekta ya barabara anayekata faiba ya mtaa wenu, huyo halimjui.

Mimi niko Arusha, naweza kununua Namanga nikavuka nayo?

Kaka, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya kwenu Tanzania, kabla hujatoa hela, kifaa kinachorusha mawimbi kinataka kibali hata kama kimenunuliwa halali upande wa pili. Na ile akaunti ya Starlink ya kutumia ukiwa safarini nchi nyingine ni ya muda tu, April 2024 watu wengi waliokuwa wanaitumia nchi zisizo na leseni walitumiwa barua pepe kwamba itazimwa. Biashara haijengwi juu ya kitu cha aina hiyo.

Umeme je? Sisi ni shule ya bweni Samburu, tuko na sola.

Mwalimu, hili ndo swali watu wanasahau. Dishi la kawaida linakula wati 75 mpaka 100, liache liwake siku nzima ni karibu yuniti mbili, betri ndogo ya taa haitafika asubuhi. Lile dishi dogo la Starlink linaloitwa Mini ni wati 25 hadi 40, kwa shule ya kompyuta kumi inatosha. Weka na taima, wanafunzi wakilala nayo ilale.

Naweza kuweka moja nikauzia majirani wifi?

Bila leseni hapana. Na hata ukiwa na leseni, soma masharti ya kampuni yenyewe kwanza, vifurushi vingi vya nyumbani vinakataza kuuza tena na wakigundua wanakata bila kupiga simu, halafu majirani waliokwisha kulipa mwezi wanakuja mlangoni kwako wewe, si kwao.